Asilimia ya Nini? Kufundisha Kufikiri kwa Namba kwa Kutumia Habari za Siku

Mwanafunzi anayekokotoa asilimia 18 ya 250 bila kusita anaweza vilevile kusoma kichwa cha habari kinachosema "hatari yaongezeka kwa asilimia 18" na asijiulize: asilimia 18 ya nini? Kukokotoa anajua. Alichokosa ni mazoea ya kuitafuta asili, ile namba ya chini ya sehemu, pale mwandishi asipoitaja. Kitabu cha kiada humpa namba zote mbili zikiwa zimeshapangwa. Gazeti humpa moja, mara nyingi ile inayotisha zaidi, na nyingine akaitafute mwenyewe. Kutafuta huko ndiko somo lenyewe, na ndiyo sababu habari za siku zinalifundisha vizuri kuliko mazoezi yaliyotungwa.

Kabla ya mbinu, msimamo mmoja. Somo hili halipo ili wanafunzi wawaumbue waandishi wa habari. Darasa likilishwa habari mbovu tu wiki baada ya wiki, halitachelewa kuhitimisha kwamba takwimu zote ni uongo. Hapo hujafundisha kitu. Uliyempokea alikuwa anaamini kila namba, unayemuaga sasa haamini namba yoyote, na wote wawili hawakokotoi. Mimi nashika nusu kwa nusu: kati ya habari nne, mbili ziwe na namba zilizo sawa kabisa, na wanafunzi wasiambiwe ni zipi. Kuthibitisha kwamba namba iko sawa ni kazi halali, tena ni ngumu kuliko kunasa kosa, kwa sababu hakuna kitu kinachokukonyeza kwamba umefika.

Kuchagua habari

Hapa ndipo muda mwingi wa mwalimu unapokwenda, na ndipo vipindi vingi vinapoharibikia. Habari inayofaa ina namba moja inayoibeba yote, chanzo chake kinapatikana, na hesabu yake haivuki kuzidisha, kugawanya na asilimia. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika: jibu likipatikana, libadilishe namna tunavyoielewa habari. Kama baada ya dakika 40 za kukokotoa habari inasomeka vilevile, wanafunzi wana haki ya kuuliza walikuwa wanafanya nini. Habari yenye namba 15 iache, au ikate ubaki na aya tatu.

Usikimbilie ya leo asubuhi. Habari ya wiki moja hadi siku kumi bado ni mbichi machoni pa wanafunzi, lakini ripoti kamili imeshatoka, masahihisho yameshachapishwa, na wewe umepata muda wa kuipiga hesabu kabla yao. Ipige kweli, kwa kalamu, pamoja na majibu mawili matatu ya makosa unayotarajia. Piga picha ya skrini yenye tarehe, maana vichwa vya habari mtandaoni hubadilishwa kimyakimya na kesho utakuta ushahidi wako umefutika. Kwenye faili moja weka hiyo picha, ripoti ya chanzo, ukurasa ambapo jedwali lipo, na hesabu yako. Baada ya mwaka utakuwa na akiba ambayo haiuzwi popote.

Kuhusu siasa: zitumie, lakini si katika wiki za mwanzo. Habari ikitaja chama, nusu ya darasa inaacha kuhesabu na kuanza kutetea. Dawa yake ni kuficha majina. Toa takwimu kwa jina la "Kundi A" na "Kundi B", acha wakokotoe na waandike hitimisho kwa wino, kisha uwafunulie nani ni nani. Wanaotaka kubadili hitimisho baada ya kuona majina watajiona wenyewe wakifanya hivyo, na wewe huna haja ya kusema neno.

Anza na namba kubwa

Walimu wengi huanza na grafu za ujanja kwa sababu zinachekesha. Mimi naona tuanze na mamilioni na mabilioni, kwa kuwa hapo kosa ni kubwa na hesabu ni nyepesi. Sekunde milioni moja ni kama siku 11 na nusu. Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Waache wakokotoe wenyewe, wagawanye kwa 86,400 ambazo ndizo sekunde za siku moja, na uone nyuso zao. Kichwani mwa wengi, milioni na bilioni ni majirani tu wanaoitwa "nyingi".

Kisha walete kwenye kisa cha Machi 2020 nchini Marekani. Michael Bloomberg alikuwa ametumia dola milioni 500 hivi kwa matangazo ya kampeni yake ya urais. Ujumbe mmoja mtandaoni ukadai kwamba, kwa kuwa Wamarekani ni milioni 327, fedha hizo zingetosha kumpa kila mmoja dola milioni moja na chenji ikabaki. Ujumbe huo ukasomwa kwenye televisheni, mbele ya kamera, na walioketi studioni wakaafiki. Masahihisho yalitolewa baadaye katika kipindi hichohicho.

Usiwaambie wanafunzi kwamba ni kosa. Wape namba mbili na swali: kila mtu angepata kiasi gani? Wengine watajibu "milioni moja na nusu" kwa kujiamini, kwa sababu wamegawanya 500 kwa 327 na kupata 1.53, halafu wakairudishia neno "milioni" ambalo lilikuwa limeshakatana juu na chini. Waandikishe sifuri zote: 500,000,000 kwa 327,000,000. Wafute sifuri sita juu, sita chini. Jibu ni dola 1 na senti 53. Kosa lilikuwa kwenye kizio, kugawanya kulikuwa sawa, na hilo likieleweka umepata sheria ya darasa kwa muhula mzima: hakuna namba inayoandikwa ubaoni bila kizio chake.

Baada ya hapo, kila habari yenye fedha nyingi ipite kwenye mgawanyo uleule: kwa watu wangapi, kwa muda gani. "Serikali yatenga bilioni 12" haisemi kitu mpaka tujue ni kwa mwaka mmoja au kwa mitano, na kwa watu milioni tatu au milioni mia. Tahadhari moja kwa wanaotumia habari zilizotafsiriwa: kwa Kifaransa na Kijerumani neno linalofanana na "bilioni" humaanisha milioni ya milioni, yaani trilioni yetu. Ukikuta bajeti iliyopunguzwa mara elfu moja, angalia kwanza ilitoka lugha gani.

"Kwa" na "hadi"

Kihusishi kimoja hugeuza habari nzima. "Uandikishaji umeongezeka kwa asilimia 40" na "umeongezeka hadi asilimia 40" ni mambo mawili, na waandishi huyachanganya. Kama zamani ilikuwa asilimia 30, ya kwanza inatupeleka asilimia 42 na ya pili inaishia 40. Kuna pia tafsiri ya tatu, kwamba zimeongezwa pointi 40 za asilimia, na hapo tungefika 70. Habari inayofaa hapa ni ya viwango vya riba au ukosefu wa ajira. Riba ikitoka asilimia 4 kwenda 5 imepanda kwa pointi moja ya asilimia, na imepanda kwa asilimia 25. Zote ni kweli. Mwambie mwanafunzi aandike kichwa cha habari mara mbili, mara moja kama anayetaka kutuliza watu na mara moja kama anayetaka kuwatisha, bila kudanganya hata kidogo. Zoezi hili linachukua dakika kumi na halijawahi kudoda.

Mfumuko wa bei unaingia hapa pia. Ukishuka kutoka asilimia 8 mwaka jana hadi 4 mwaka huu, wanafunzi wengi, na wahariri kadhaa, husema bei zimeshuka. Waanze na 100: mwaka wa kwanza 108, mwaka wa pili 112.32. Bei zimeendelea kupanda, ila kwa mwendo mdogo. Wanaosema 112 wamejumlisha asilimia za asili mbili tofauti. Tofauti ni ndogo mno, lakini fikra yenyewe ina kasoro, kwa hiyo isahihishe hapohapo.

Hatari: mahali pa kukaa muda mrefu

Kama una vipindi kumi, vinne viende hapa. Habari za afya ndizo zinazosomwa zaidi na ndizo zinazoficha asili zaidi.

Oktoba 1995 nchini Uingereza ilitolewa tahadhari kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Vyombo vya habari vikaibeba: asilimia 100! Wanawake wengi wakaacha vidonge. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi yanataja mimba 13,000 zaidi zilizotolewa England na Wales mwaka uliofuata. Na namba zilizokuwa nyuma ya ile asilimia 100? Kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi wanawake 2 kati ya 7,000. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Gerd Gigerenzer amekitumia sana kisa hiki kuonyesha kwamba watu, madaktari wakiwemo, huelewa vizuri zaidi wakipewa idadi ya watu kuliko wakipewa asilimia tupu.

Hapo tunapata sentensi ambayo kila mwanafunzi lazima aijaze kabla ya kutoa maoni yoyote: "Kati ya watu ___, ___ walipatwa na ___ katika kipindi cha ___; kwa kundi jingine ni ___ kati ya haohao ___." Nafasi zote zijazwe. Ikibaki moja tupu, hiyo ndiyo inayokwenda kutafutwa kwenye ripoti. Wape waijaribu kwa habari ya Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliposema kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Uingereza, takribani watu 6 kati ya 100 hupata saratani hiyo maishani. Asilimia 18 ya 6 ni kama 1. Basi ni 7 kati ya 100, kwa mtu anayekula kiasi hicho kila siku. IARC iliiweka nyama hiyo kundi moja na tumbaku, na vichwa vya habari vikazisawazisha. Lakini makundi yale hupanga uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Darasa zuri litauliza lenyewe: na tumbaku ni wangapi kati ya 100?

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni chanjo. Mwishoni mwa 2020 Pfizer na BioNTech walitangaza ufanisi wa asilimia 95 dhidi ya UVIKO-19. Uliza darasa, kila mtu aandike kwa siri: asilimia 95 maana yake nini? Kusanya karatasi. Jibu linaloongoza karibu kila mahali ni "kati ya watu 100 waliochanjwa, 5 wataugua". Usilipinge bado. Andika ubaoni namba za jaribio: makundi mawili, kila moja likiwa na watu kama 18,000 waliohesabiwa kwenye ulinganisho ule. Waliopewa sindano isiyo na chanjo waliugua 162. Waliochanjwa waliugua 8.

Sasa waulize: kama jibu lao lingekuwa sahihi, wangeugua wangapi kati ya 18,000 waliochanjwa? Asilimia 5 ni watu 900. Waliougua ni 8. Nyamaza kidogo, waache wahangaike. Mwishowe mmoja atajaribu 8 gawanya kwa 162, apate karibu 0.05, na aone kwamba 5 iliyokuwa inatafutwa imejificha hapo: asili ya asilimia 95 ni wale 162 ambao wangeugua, na 18,000 hawamo. Baada ya hapo wajaze sentensi yetu: takribani 90 kati ya 10,000 bila chanjo, 4 au 5 kati ya 10,000 kwa chanjo, katika ufuatiliaji wa miezi miwili hivi. Kipindi ni muhimu. Mwanafunzi atakayesema kwamba 90 kati ya 10,000 ni wachache, basi ugonjwa haukuwa tishio, amesahau kwamba miezi miwili si janga zima.

Siku inayofuata mpe darasa kichwa cha habari cha aina hii, ambacho mwaka 2021 kilionekana kwa sura nyingi: "Wengi wa waliolazwa walikuwa wamechanjwa." Tunga mji wa watu 10,000. Waliochanjwa 9,000, wasiochanjwa 1,000. Katika waliochanjwa analazwa 1 kati ya 1,000, kwa hiyo 9. Katika wasiochanjwa wanalazwa 6 kati ya 1,000, kwa hiyo 6. Hospitalini kuna wagonjwa 15, na 9 kati yao, asilimia 60, wamechanjwa. Kichwa cha habari ni cha kweli na chanjo imepunguza kulazwa mara sita. Wachore kama mti wenye matawi mawili. Usilete fomula ya uwezekano wa masharti hapa, itawafukuza. Kosa la kawaida ni kugawanya 9 kwa 9,000 na 6 kwa 15 kisha kulinganisha matokeo. Ukiliona, rudi kwenye swali la mwanzo na umwambie aandike neno "ya" baada ya kila asilimia: asilimia 40 ya waliolazwa, asilimia 0.1 ya waliochanjwa.

Kura za maoni

Pingamizi utakalolisikia ni hili: watu 1,000 watawasemeaje watu milioni 50? Maelezo hayasaidii. Leta mfuko wenye vipande vingi vya karatasi, nusu vikiwa na alama. Kila jozi ichote vipande 25, kimoja kimoja, ikirudisha kila kimoja mfukoni kabla ya kuchota kingine, na ihesabu vyenye alama. Karibu mara 19 kati ya 20 watapata kati ya 8 na 17, yaani asilimia 32 hadi 68. Mtawanyiko huo unawashtua. Kisha unganisha jozi nne nne ili kila sampuli iwe na 100, na uone zinavyosogeleana. Hapo ndipo pa kutoa kanuni ya haraka ya kukadiria kosa la sampuli, yaani matokeo yanaweza kuwa juu au chini ya ukweli kwa kiasi gani: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Kwa 25 ni asilimia 20, kwa 100 ni 10, kwa 1,000 ni kama 3. Ukubwa wa mfuko haumo kabisa kwenye kanuni.

Habari ikisema mgombea mmoja ana 46 na mwingine 44 kwa watu 1,000, kosa la plus au minus 3 ni la kila namba peke yake. La tofauti kati yao linakaribia maradufu. "Anaongoza" ni neno kubwa mno kwa pointi mbili.

Lakini kanuni hiyo haiponyi sampuli iliyopinda. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba katika uchaguzi wa urais Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Landon alishinda majimbo 2 kati ya 48. Anwani zilikuwa zimetolewa kwenye orodha kama za wenye simu na magari, na waliojisumbua kujibu walikuwa watu wa aina yao. Kura za "bofya hapa" kwenye kurasa za habari zina ugonjwa uleule.

Grafu zinahitaji kipindi kimoja tu. Nguzo za 94 na 97 kwenye mhimili unaoanzia 90 zina urefu wa 4 na 7: jicho linaona ongezeko la asilimia 75, namba zinasema 3. Wapime kwa rula, wachore upya kuanzia sifuri, basi. Waonye tu wasiifanye kuwa amri ya kila grafu. Joto la mwili likichorwa kuanzia sifuri, homa haionekani.

Kusahihisha

Mtihani uwe habari wasiyoiona kabla, maneno 300 hadi 400, na maswali matatu: moja la kusoma (namba hii inahesabu nini, ya nani, lini), moja la kukokotoa, moja la kuhukumu. Usitoe alama kwa kukubaliana au kupingana na habari. Toa kwa kizio kilichotajwa, asili iliyotajwa, hesabu iliyoonyeshwa, na sentensi moja ambayo mtu wa kawaida angeielewa. Kikokotoo ruhusa, na hupunguza visingizio.

Utakutana na kasuku. Akishajua kwamba "sampuli ni ndogo" na "huenda kuna sababu nyingine" humpendeza mwalimu, mwanafunzi huzibandika kila mahali, hata kwenye habari ya watu 40,000. Weka sharti: anayesema sampuli ni ndogo aonyeshe kosa lake kwa kanuni ya kipeuo, anayesema kuna sababu nyingine aitaje, na aeleze ingesukuma namba upande gani, juu au chini. Bila hayo ni sifuri. Watanung'unika kwa wiki mbili hivi.

Darasa likinasa kosa la kweli kwenye habari iliyochapishwa, waandikie chumba cha habari. Barua iwe na sentensi ilivyochapishwa, namba ilivyo kwenye chanzo pamoja na ukurasa, na mstari mmoja wa hesabu. Mwalimu aikague namba kwa namba kabla haijatumwa, na lugha iwe ya adabu. Wahariri wengi husahihisha haraka wakipewa ukurasa.